Nusu Hatua Nyuma

Vidole vyake vilianza ukingoni. Aliizunguka sahani ile ya plasta polepole, kama mtu anayezunguka shamba kabla ya kuingia, kisha akaingia. Akazipita herufi harakaharaka, akapanda kwenye nywele, akashuka kwenye paji la uso. Alipofika kwenye pua akasimama.

"Pua hii ya nani?"

"Yako, Bingwa."

"Yangu?" Akaigusa pua yake mwenyewe, akairudia ya plasta. "Mwanangu, hii ni pua ya mtu mwenye mafua."

Mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa dirishani na kikombe cha chai, alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani chake. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa navisubiri vile vidole vishuke begani, vifuate mkono hadi kwenye kifundo, viikute kamba, na kamba ivipeleke kwa mtu aliyeishika upande wa pili. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Nilikuwa nimemchonga kwa miezi, lakini nadhani nilianza kumchonga nikiwa darasa la tatu.

"Kamba ipo," akasema kwa sauti ndogo. Akaifuata kidole baada ya kidole. Kamba ikampeleka mbele, ikampitisha kifua chake mwenyewe, ikamfikisha kwenye ngumi, begani, kisha kwenye uso. Hapo alikaa sana. Akarudi kwenye kifua chake, akaenda tena kwenye kifua cha yule mtu, akaupima kwa vidole viwili mwanya uliokuwa kati yao.

"Huyu ndiye baba yako."

"Ndiye."

"Sasa anafanya nini huku mbele?"

*

Baba ni kinyozi. Chumba chake cha kazi kina viti viwili vinavyozunguka, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na harufu ya sabuni na mafuta ya mashine ambayo mpaka leo nikiisikia popote najiona nimefika nyumbani. Ana namna yake ya kuelekeza kichwa cha mteja. Havuti wala hasukumi. Anagusa kwa vidole viwili tu, chini ya sikio, na kichwa kinageuka chenyewe kama kilikuwa kinangoja kuambiwa. Kisha anasema, "Tulia, usisogee," na mtu mzima mwenye cheo chake anatulia kama mtoto.

Juu ya kioo inaning'inia picha iliyokatwa kwenye gazeti. Ndani yake kuna mwanamke mwenye miwani myeusi, kifua mbele, mdomo wazi, akivuka mstari wa mwisho katika mbio za wasioona. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa nchi yetu katika mashindano yale, miaka michache kabla sijazaliwa. Pembeni kabisa ya picha, kushoto, kuna mkono wa mwanaume umeshika ncha ya kamba ya kiatu. Mkono tu. Aliyepanga ukurasa siku ile alihitaji nafasi ya habari nyingine, akamkata mwenye mkono.

Kwa hiyo mtaa mzima unamwita baba Mkono.

"Mkono, nipunguzie pembeni."

"Mkono, leo umeamka vibaya au mashine ndiyo imeamka vibaya?"

Na kila mteja mgeni akiuliza habari ya picha, wazee wa benchi hudakia kabla baba hajafungua mdomo. "Huyo ndiye mwongozaji wake! Asiyeona hakimbii peke yake, anafungwa kamba na mwenzake anayeona. Huyu hapa alimwongoza mpaka dhahabu."

"Na yeye alipata nini?"

"Alipata jina!" Kicheko. Siku hizo mwongozaji hakupewa medali. "Si mnajua kinyozi hajinyoi?"

Baba hucheka nao. Akiombwa asimulie mbio zenyewe, husimulia vizuri mno, kwa sababu mdomo haujawahi kumwishia maneno. Anakuonyesha kona ya kwanza, jinsi walivyobanwa na wakimbiaji wa mbele, jinsi alivyokuwa akimwambia mwenzake, "Kona. Kona bado. Nyoosha. Wawili mbele, mmoja amechoka." Anafika kwenye mita mia za mwisho, anainua wembe hewani, benchi zima linaacha kupumua, halafu anasema, "Basi, tukafika," na kurudi kwenye kidevu cha mteja.

Kila mara hivyo hivyo. Tukafika.

Darasa la tatu nilipeleka gazeti lingine lenye picha ileile shuleni na kuwaambia wenzangu kuwa huyo ni baba yangu. Wakatazama, wakatazamana. "Baba yako ni mkono?" Nilirudi nyumbani nikilia. Baba alikuwa na mteja kitini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipaka povu la sabuni kwenye ncha ya pua, akasema, "Mama, mkono huo ndio unaokusuka nywele. Waulize wenzako, wao baba zao wanaweza?" Ni kweli. Mama yangu alikuwa akifanya kazi za zamu hospitalini, na asubuhi nyingi aliyenisuka alikuwa baba. Mistari yangu ilinyooka kuliko ya msichana yeyote darasani.

Lakini siku ile nilijiapiza kitu. Nilisema nitakuja kumchora baba aliyebaki, yule aliyekatwa. Uso wake wote, ili asiwepo mtu wa kuuliza tena.

Nilipochagua kusomea uchongaji chuoni, majirani walimhurumia baba. Yeye hakuniuliza uchongaji unaleta nini. Alisema, "Hata mimi nachonga vichwa. Bahati yako vyako havitikisiki."

*

Baada ya chuo nilipata nafasi katika kiwanda cha sarafu, kwenye chumba cha wachoraji. Ni chumba chenye dirisha kubwa upande mmoja tu, kwa sababu plasta husomwa kwa kivuli. Mwanga ukitoka kila upande, mchongo wote unakuwa bapa. Mkuu wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Sisi vijana tulimwita Milimita, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Yeye alijua tunavyomwita. Siku ya kuzaliwa kwake alituletea keki na kutangaza kwamba kila kipande kina milimita arobaini, asiletewe malalamiko.

Ndipo ikaja kazi ya sarafu za kumbukumbu, kuadhimisha urithi wa riadha nchini. Sarafu moja ilitengwa kwa ajili ya Bingwa na mbio zile. Nilimfuata Milimita mezani kwake nikamwambia mkono ulioko kwenye ile picha ni wa baba yangu, na kwamba naomba kazi hiyo.

Alinitazama juu ya miwani. "Basi utakuwa na haraka, na utakuwa na machozi. Vyote viwili vinaharibu plasta."

"Nitajitahidi, mama."

"Najua utajitahidi. Ndiyo maana nakupa."

Nimefanya kazi chini ya watu kadhaa tangu siku hiyo. Sijasikia tena neno lililonisimamisha wima kama lile.

Kamati iliyosimamia sarafu haikumtaka baba. Hawakuwa na ubaya. Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba sarafu ni ndogo, jicho la mtu linataka shujaa mmoja, na watu wawili kwenye duara lile watakuwa kama wamebanana ndani ya lifti. Lakini ilihitajika ridhaa ya Bingwa mwenyewe, na Bingwa akaja kikaoni. Alikuwa amestaafu kazi ya kupokea simu katika ofisi moja kubwa, na alikuwa bado na sauti ile ya watu wa simu, sauti isiyopandishwa lakini inayofika kila kona.

"Mnaniweka peke yangu?"

"Peke yako, mama. Shujaa wetu."

"Nikikimbia?"

"Ukikimbia, kwa kasi kabisa."

"Basi nitajikwaa," alisema. "Peke yangu siwezi kwenda hata mlangoni kwenu hapo bila kugonga kiti. Mnataka nchi nzima itembee mfukoni na mimi ninayekaribia kuanguka?"

Mwenyekiti alikohoa. Wakawa watu wawili.

Nilichonga kwa furaha ambayo sijui kama nitaipata tena. Plasta ilikuwa pana kama sinia, ili baadaye mashine iupunguze mchoro hadi ukubwa wa sarafu. Nilimchonga Bingwa, kisha nikaanza kumtafutia baba mahali. Nilimweka ubavuni, uso ukaingia kivulini. Nilimsogeza mbele kidogo, ukapata mwanga. Nikamsogeza tena. Mwishowe alikuwa mbele kwa nusu hatua, mkono nyuma ameshika kamba, anamvuta mwenzake kwenye ushindi, na uso wake, paji, mashavu, ndevu zile anazozinyoa mwenyewe licha ya methali, vyote vilimeremeta. Nilisimama nikamtazama. Huyu sasa hakuna atakayemkata.

Hiyo ndiyo plasta aliyoishika Bingwa siku alipouliza anafanya nini huku mbele.

*

"Anakuongoza," nilimjibu.

"Ananivuta."

"Kidogo."

"Mwanangu." Alitafuta mkono wangu juu ya meza, akaukuta. "Mwongozaji havuti. Akivuta, tunatolewa. Na kwenye mstari, lazima mimi nipite kwanza. Kifua changu kwanza, ndipo yeye. Akitangulia hata kwa unene wa shati, hakuna ushindi, tumefutwa." Alitabasamu upande ulikokuwa uso wangu. "Hapa umetufuta."

Kwa mapenzi yangu yote, nilikuwa nimewanyang'anya medali. Na nilikuwa nataka kuitawanya habari hiyo kwa maelfu ya watu, kwenye chuma.

"Nitarekebisha," nilisema.

"Na pua," akasema Bingwa.

Jioni ile, kabla jua halijashuka, nilipita kazini kwa baba. Alikuwa na mteja wa mwisho, mwalimu mmoja mwenye kichwa kinachong'aa ambaye hata sijui alikuja kunyolewa nini. Nilikaa kwenye benchi na kumwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza, nikidhani nalijua.

"Baba, mita mia za mwisho zilikuwaje?"

"Tukafika."

"Kabla ya kufika."

Aliuzima mtambo wa kunyolea. Mwalimu akanitazama kwenye kioo.

"Nilikuwa na nguvu," baba alisema. "Hilo watu hawajui. Miguu ilikuwa mizima, ningeweza kumpita yeye na wale wote. Na ukiwa na nguvu, na mstari ukiuona, mwili unautaka wenyewe, kama ng'ombe aliyeona maji. Inabidi uuzuie." Alikunja kiganja kana kwamba ameshika kamba. "Nikalegeza nusu hatua. Kamba isikazike, maana ikikazika anajua umebaki, naye atapunguza. Isilegee sana, maana atapotea. Nikamwambia, 'Sasa!' Akarusha kifua. Mimi nikabaki pale nyuma namwangalia mgongo."

"Hukuumia?"

"Kwa lipi?" Alishangaa kweli. "Mama, nilikuwa nampeleka. Anayepelekwa ndiye anayetangulia kufika. Ukimpeleka mgonjwa hospitali, unaingia wewe kwanza kitandani?"

Mwalimu alicheka, kichwa kikatikisika. "Tulia," baba alimwambia. "Usisogee."

*

Nilimrudisha baba nyuma nusu hatua. Ilinichukua siku nyingi kuliko kumtengeneza, lakini alipokaa pale, mchoro wote ulipumua. Sasa ulikuwa na mwendo. Uso wake ulionekana kwa chini kidogo ya kiwiko cha Bingwa, mdogo, mdomo wazi, anatamka "sasa". Nilifurahi. Nilidhani nimepata vyote viwili, ukweli wao na uso nilioutaka mimi.

Kisha mafundi wa mashine wakagonga sarafu ya majaribio.

Milimita aliniletea mwenyewe, kwenye kitambaa. Bingwa alikuwa safi. Kamba ilikuwepo. Lakini pale palipokuwa na uso wa baba palikuwa laini, bapa, kama gumba limepita juu ya udongo mbichi.

"Geuza," Milimita akasema.

Niligeuza. Upande wa pili, sawasawa nyuma ya uso wa baba, palikuwa na sehemu iliyoinuka kuliko zote ya nembo ya taifa. Chuma kikigongwa hujaa pande zote mbili kwa pigo moja, na chuma chenyewe ni kilekile. Kilikuwa kimekimbilia kwenye nembo. Upande wetu hakikutosha.

"Nembo haisogei hata milimita," alisema. "Ile ina sheria yake. Umeona mwenyewe."

Nilijaribu kumshusha baba, nikajaribu kumpandisha. Kila nilipompeleka, ama aligongana na nembo au alitoka mahali pake pa haki. Milimita aliniacha nihangaike, kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Ukimrudisha mbele, uso utatoka safi. Watu wengi hawajui sheria za mbio, hawatasema kitu. Ukimwacha hapo, uso utapotea. Uamuzi ni wako, mwanangu, mimi nitatia sahihi yoyote kati ya hizo mbili."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Niliichukua ile sarafu ya majaribio, kwa ruhusa yake, nikaenda nayo kwa Bingwa.

Aliipokea sebuleni kwake, redio ikiwa imepunguzwa sauti. Kidole chake kiliizunguka mara moja, kikaingia. Hakusema lolote juu ya pua, nikajua nimefaulu. Alifika kwenye kamba, akaifuata nyuma, si mbele. Akaukuta mkono. Uso wake mzima ulifunguka.

"Ee, Kinyozi," akasema, kana kwamba baba ameingia ndani. "Uko hapa."

"Lakini uso wake haukutoka, Bingwa."

"Uso gani?"

"Wa baba. Umefutika."

Alicheka kwa muda. "Mwanangu, nimekimbia na baba yako miaka mingapi? Mvua, jua, siku ambazo hatuelewani hata hatusalimiani. Sijawahi kuwa na uso wake. Nilikuwa na hii." Akaifinya kamba kwa kucha. "Hii na yale maneno yake yasiyoisha. Lakini kamba yako nyembamba. Kucha inaiona, kidole hakiioni."

Nilirudi kiwandani nikiwa mwepesi. Niliuondoa uso wa baba kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kisu kidogo, kwa uangalifu uleule niliotumia kuuweka. Nikakiinamisha kichwa chake nyuma ya mkono wa Bingwa unaorushwa mbele, kama ilivyokuwa siku yenyewe kwa mtu aliyetazama kutoka jukwaani. Kilichobaki chake ni bega, mguu mmoja unaojizuia, na ngumi. Kisha mwinuko wote niliouokoa niliupeleka kwenye kamba. Niliinyanyua mpaka ikawa juu kuliko kitu chochote kwenye sarafu ile, juu kuliko hata kifua cha mshindi.

Milimita aliipima, akapima tena. "Unajua kinachoinuka ndicho kinachochakaa kwanza. Vidole vya watu vyote vitapita hapo."

"Ndiyo, mama."

Akatia sahihi.

*

Siku ya uzinduzi kulikuwa na viti vya plastiki, hotuba ndefu, na kipaza sauti kilicholia kila mwenyekiti alipotamka neno "urithi". Bingwa alipokabidhiwa kisanduku chake chenye sarafu aliomba cha pili. "Nilipokea peke yangu mara moja," alisema kwenye kipaza sauti, kikanyamaza kwa heshima. "Leo hapana." Baba alikuwa mstari wa nyuma, kwa sababu alichelewa kumaliza kichwa cha mtu. Watu walimfungulia njia. Alipofika mbele, walishikana mikono wote wawili, na hawakuzungumza. Kwa baba, hilo ni jambo la kuandikwa.

Kisanduku hakukifungua pale. Alikifungua kesho yake kazini, wazee wakiwa wamejaa benchi, mteja kitini ana povu mashavuni.

"Leteni tuone," mmoja akasema, akainyakua sarafu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kisha akapasua kicheko. "Jamani! Mkono ameingia kwenye hela ya serikali, na bado ni mkono!"

Benchi zima likavunjika mbavu. Nami nikacheka nao. Sarafu ilizunguka kiganja kwa kiganja mpaka ikamfikia baba. Alifuta povu kwenye vidole. Miwani yake hakuwa nayo, akaisogeza sarafu mbali, akaileta karibu, kisha akaacha kuhangaika, akafumba macho. Gumba lake likatembea juu ya chuma. Likaikuta kamba. Likaifuata, nyuma, mpaka mwisho wake, likasimama hapo.

Wazee waliacha kucheka, sijui kwa nini.

"Uso nilijaribu, baba," nilisema. "Nembo ya upande wa pili ndiyo iliyozuia. Nikipewa nyingine, labda naweza kukusogeza—"

"Hapo hapo, mama," alisema, macho bado yamefumbwa. "Usinisogeze."

Akaitia sarafu kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akamgusa mteja chini ya sikio kwa vidole viwili, na kichwa kikageuka taratibu kuelekea kwenye mwanga.